Waipa zinajivuta na kusimama katikati ya kioo: tupime nini kabla ya kununua mota?

KiooSafi

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tusaidiane kwenye hili.

Nina gari la MGB la 1970, lina waipa mbili, na mota ni ya Lucas, modeli ya 14W ya spidi mbili, ileile iliyokuja na gari. Ukiwasha zinaanza vizuri. Baada ya dakika chache zinaanza kujivuta, na spidi ya pili haina tofauti ya maana na ya kwanza. Ukizima zinasimama palepale zilipo, hata mbele ya macho ya dereva, badala ya kurudi kulala chini. Upande wa dereva mpira unaruka-ruka unaporudi na unaacha mkanda wa maji.

Fyuzi ni nzima. Mota ukiishika baada ya muda ina joto la kutosha kukutia wasiwasi. Kila niliyemwonyesha anasema mota imekufa, tafuta nyingine. Mimi sitaki kukimbilia huko. Mota hizi zilitengenezwa ili zifunguliwe na zirekebishwe, na gari hili nalipenda likiwa na vitu vyake. Mita ninayo, spana ninazo, muda ninao. Nianzie wapi?

AmechaNaKaboni

Mkuu KiooSafi, usinunue kitu bado. Umetaja matatizo matatu: kujivuta, kutolala, na mpira kuruka. Yanaweza kuwa na vyanzo vitatu tofauti, na ukiyashika yote kwa pamoja utabadilisha vifaa kwa kubahatisha. Tuanze na kujivuta, mengine yasubiri.

Kwenye gari lako mota haigusi mikono ya waipa moja kwa moja. Gia iliyo kichwani mwa mota inasukuma na kuvuta waya mnene, ambao kwa nje umezungushiwa waya mwingine mwembamba. Mizunguko hiyo ndiyo meno yake. Waya huo wa meno unapita ndani ya bomba, unaingia kwenye viboksi viwili vya gia chini ya kioo, na kila kiboksi kinageuza shafti yake kwenda na kurudi. Kwa hiyo mota inapambana na mambo mengi kabla hata mpira haujagusa kioo: msuguano ndani ya bomba, gia za viboksi, na shafti zenyewe ambazo juu yake zinanyeshewa miaka yote. Mota ikipata moto na kupunguza mwendo, mara nyingi sana yenyewe haina kosa, imebebeshwa mzigo.

Kipimo cha kwanza ni kuitenganisha mota na mzigo wake. Fanya hivi.

Lowesha kioo, washa waipa kisha zizime zikiwa karibu kabisa na sehemu yake ya kulala. Bandika mkanda wa karatasi kwenye kioo kufuata mpira ulipo, upande huu na upande ule, ili baadaye ujue mikono ilikaaje. Chomoa mikono. Ya aina hii ina kibanio kidogo chini ya kichwa cha mkono, unakiinua kwa ncha ya bisibisi ndogo na mkono unatoka. Usipenyeze bisibisi kubwa ukaegemeza kwenye bodi, utaumiza rangi na kupinda shafti.

Washa bila mikono. Sikiliza na uhesabu mizunguko kwa dakika. Halafu zima, chomoa betri, fungua kifuniko cha kichwa cha mota na uuachanishe waya wa meno na gia. Rudisha umeme, washa tena mota ikiwa peke yake, huku mita ikipima ampea.

14W yenye afya, bila waya wa meno, inakula kama ampea 1.5 kwenye spidi ya kwanza na ampea 2 kwenye spidi ya pili. Mizunguko yake ni 46 hadi 52 kwa dakika spidi ya kwanza, 60 hadi 70 spidi ya pili. Iache izunguke dakika moja kabla ya kuhesabu, isiwe baridi.

Mota ikifika hapo, basi haijafa.

KobeWaVoltiSita

Nadandia uzi kidogo. Mimi nina Volkswagen Beetle ya volti 6, nayo waipa zake ni za kujikokota. Watu wanasema "ndivyo zilivyo". Ni kweli?

AmechaNaKaboni

Mkuu, si kweli, ila gari lako linadai uangalifu kuliko mengine. Kwa kazi ileile, volti zikiwa nusu, ampea zinakuwa mara mbili. Kutu ileile kwenye kiungio kilekile inakunyang'anya volti mara mbili zaidi, na unanyang'anywa kutoka kwenye akiba iliyo ndogo. Ukipoteza volti moja kwenye mfumo wa 12 bado mota inafanya kazi. Ukipoteza volti moja kwenye mfumo wa 6 umepoteza sehemu ya sita ya kila kitu.

Anza na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Vua mahali pote ambapo waya wa ethi na fremu ya mota vinashika bodi, kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu yake kuzuia unyevu. Halafu shafti za waipa. Beetle haina waya wa meno, ina vijiti na shafti zinazopita kwenye bushi (vibomba vinavyozishikilia), na bushi hizo zikikauka zinashika kweli. Achanisha vijiti, geuza kila shafti kwa vidole. Ikikataa vidole, mota nayo inateseka nayo kila siku. Chomoa, safisha, tia mafuta, rudisha. Ukifanya hayo mawili ndipo uongelee mota.

KiooSafi

Nimerudi na vipimo, mkuu Amecha.

Mota peke yake: ampea 1.6 spidi ya kwanza, mizunguko 49. Spidi ya pili ampea 2.1, mizunguko 64. Inazunguka kwa sauti moja, hainung'uniki.

Nikiunganisha waya wa meno, bado bila mikono: ampea 3.9, mizunguko 37, na inazidi kushuka kadiri inavyoendelea.

Nimepima pia volti wakati inazunguka na mzigo huo. Kwenye betri 12.5, kwenye soketi ya mota 11.2. Injini haikuwa inawaka.

AmechaNaKaboni

Hizo ndizo namba nilizokuwa nazitaka. Mota yako ni nzima. Anayekuambia imekufa hajaipima. Ampea 3.9 wakati waipa zenyewe hazipo kwenye gari! Nguvu zaidi ya nusu inaliwa na waya na viboksi.

Una matatizo mawili yanayosaidiana kukuumiza. Moja ni mzigo. La pili ni hizo volti 1.3 zinazopotelea njiani. Mzigo ukizidi, ampea zinapanda. Ampea zikipanda, kila kiungio kibovu kinakula volti zaidi. Volti zikipungua, mota inalegea na kupata moto. Ndiyo maana zinaanza vizuri halafu zinachoka.

Umeme kwanza, maana ni kazi fupi. Weka mita kwenye volti. Waipa zikiwa spidi ya kwanza, ncha moja iguse chanya ya betri na nyingine iguse terminali namba 5 ya mota. Utasoma moja kwa moja volti zinazopotea upande wa chanya. Halafu ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine terminali namba 1: hizo ni za upande wa ethi. Ukishajua upande, sogea hatua kwa hatua: betri hadi kuingia fyuzi, kuvuka fyuzi, kuvuka swichi. Mahali namba inaporuka ghafla ndipo ugonjwa ulipo. Mimi ningekuwa wa kwanza kushuku vibanio vya fyuzi, lakini pima, usinisikilize mimi.

Usidanganyike na kupima volti mota ikiwa imezimwa. Bila ampea kupita, hata waya uliobaki uzi mmoja unaonyesha volti 12 kamili. Hapo ndipo wengi wanaposema "umeme upo" na kuhukumu mota.

BintiSpana

Niongeze jambo kwenye fyuzi kabla halijapita, maana linaunguza magari.

Fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 ni ampea za kuungua. Uwezo wake wa kubeba mzigo mfululizo ni ampea 17. Fyuzi nyingi za kisasa zinaandikwa ule uwezo wa kubeba mfululizo. Mtu akisoma "35" kwenye kiboksi cha zamani, akatafuta ya kisasa ya 35, ameweka ulinzi ulio mara mbili ya ule uliokusudiwa. Waipa ikikwama, waya utapata moto kabla ya fyuzi kukatika. Tafuta iliyo sawa na ile ya 17 mfululizo.

KiooSafi

Asante BintiSpana, nimeangalia, yangu ni ya zamani yenye maandishi sahihi.

Upande wa chanya ninapoteza 1.1, ethi 0.2. Katika hizo 1.1, volti 0.7 zinapotea kuvuka fyuzi tu. Vibanio vyake vina ukungu wa kijani na kimoja kimelegea. Nimevisafisha kwa brashi ya waya mdogo, nikakikaza kile kilicholegea kwa koleo, nikabadilisha na fyuzi yenyewe. Sasa hapo inapotea 0.05. Ethi pia nimeisafisha.

Bila kugusa kingine mizunguko imepanda hadi 42. Nashuka kwenye waya wa meno.

AmechaNaKaboni

Vizuri sana. Sasa sikiliza hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya kuchomoa waya wa meno, upime. Mikono ikiwa imetolewa na mota imeachanishwa, ning'iniza mizani ya ndoano kwenye ncha ya waya na uuvute polepole. Kikomo ni kilo 2.7. Ukizidi hapo kuna mahali pameshika. Andika namba uliyopata.

Kisha legeza kidogo nati za kiboksi kimoja, uvute tena. Namba ikishuka ghafla, maana yake kiboksi kilikazwa bomba likiwa limekaa upande, na tatizo ni mpangilio wa bomba. Rudia kwenye kiboksi cha pili. Wengi wanarukia kwenye grisi wakati bomba limebinywa na watu waliowahi kufunga redio au hita nyuma ya dashibodi.

Baada ya hapo chomoa waya wote. Ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kagua urefu wake wote kwa vidole: sehemu iliyopinda utaihisi, na mizunguko iliyolika inang'aa na kuwa bapa. Sukuma kitambaa chenye mafuta ya taa ndani ya bomba hadi kitoke safi. Kila shafti igeuze kwa vidole waya ukiwa nje. Inayokataa, paka mafuta mepesi ya kupenya kwenye shingo yake kwa nje, geuza huku na huku, uiache, urudie. Mafuta hayo ni ya kusafishia. Yakishafungua kazi yafute, uweke mafuta ya kulainisha, la sivyo shafti itakauka tena.

Kisha angalia gia ndani ya viboksi. Gia hiyo haizunguki duara zima, inakwenda na kurudi kwenye kipande tu. Kwa hiyo meno yanalika upande mmoja na upande wa pili unabaki kama ulivyotoka kiwandani. Ukikuta gia imelika, igeuze nusu duara ili waya ushike meno ambayo hayajaguswa. Waya nao unaweza kuuzungusha kwenye mhimili wake ukalalia upande mwingine. Hivi vitu vilitengenezwa na watu waliofikiria miaka mingi mbele, na mimi huwa nafurahi kila ninapofungua kiboksi na kukuta nusu ya maisha yake bado ipo.

Grisi tumia ya lithiamu, ya ulaini wa kati, isiyo nyingi. Ukijaza bomba umejaza kizuizi.

MvutoWaHewa

Wakuu, mnaongelea mota za umeme. Mimi nina Ford ya miaka ya 1950 yenye waipa za vakyumu. Nikipanda mlima zinasimama, nikiachia mafuta zinakimbia kama kichaa. Nilitaka kuuliza kama naweza kulitibu hilo au nibadilishe mfumo.

BintiSpana

Mkuu, hizo zinaendeshwa na mvuto wa injini kwenye menifoldi ya kuingizia hewa. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, mvuto unakuwa kama inchi 17 hadi 21 za zebaki. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kabureta inafunguka, mvuto unakaribia sifuri, waipa zinakosa pa kushika. Kwa hiyo kupungua mlimani ni asili yake. Kusimama kabisa ukikanyaga mafuta kidogo tu, hiyo ni dalili ya kuvuja.

Pima mpira wa hewa kuanzia menifoldi hadi mota. Mipira ya zamani inapasuka kwenye shingo bila kuonekana. Ukivuja unajionyesha pia kwenye injini, sailensa inatetemeka kwa sababu hewa ya ziada inaingia na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ziba mpira kwenye menifoldi kwa muda. Injini ikitulia umepata mvujaji.

Kisha mota yenyewe. Ndani yake kuna kibao kinachofagia huku na huku, na kingo zake zina ngozi au mpira unaoziba. Zikikauka hewa inapita pembeni. Fungua, safisha, lainisha ngozi kwa mafuta mepesi, rudisha. Shafti za mikono nazo zipitie kama alivyosema Amecha, maana mota ya vakyumu haina nguvu ya ziada ya kushindana na shafti kavu.

Halafu angalia pampu ya mafuta ya gari lako. Baadhi ya magari yenye mfumo huo yalikuwa na pampu ya ghorofa mbili, sehemu moja ya petroli na nyingine ya kuongeza mvuto kwa ajili ya waipa. Kama yako ni hiyo na mpira wake wa ndani umepasuka, waipa zitakufa mlimani kila mara. Ukiitengeneza, utashangaa jinsi zinavyofanya kazi kwa heshima. Marekani magari machache yaliendelea na waipa za vakyumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, yasingefika huko kama mfumo ungekuwa haufai kabisa. Mimi nisingebadilisha.

MvutoWaHewa

Pampu ni ya ghorofa mbili kweli, na sikujua ile ya juu inafanya nini. Naifungua. Asante sana dada.

KiooSafi

Wakuu, nimemaliza viboksi. Kazi ya kulala chali chini ya dashibodi, lakini nimeifurahia.

Mizani ilisoma kilo 4.5 kabla ya kugusa chochote. Kulegeza nati hakukubadilisha kitu, kwa hiyo bomba lilikuwa limekaa sawa. Waya ulipotoka, grisi ilikuwa ngumu, rangi ya kahawia iliyoiva, nimeikwangua kwa ukucha. Shafti ya upande wa dereva ndiyo mkosaji mkubwa, sikuweza kuigeuza kwa vidole. Mpira wa shingoni ulikuwa umepasuka na maji yalikuwa yanashuka moja kwa moja kwenye bushi. Imefunguka taratibu kwa mafuta ya kupenya. Mpira nimeweka mpya pande zote.

Gia ya upande huohuo ilikuwa imelika, meno yamekuwa makali kama kisu. Nimeigeuza. Upande wa pili wake meno ni mapya kabisa!

Sasa mizani inasoma kilo 1.3. Mota na waya wa meno pamoja, bila mikono: ampea 1.9, mizunguko 48. Spidi ya pili inasikika kuwa spidi ya pili.

Limebaki hili la kulala. Nikizima bado zinasimama palepale.

AmechaNaKaboni

Kutoka 3.9 hadi 1.9 kwa mota ileile. Hongera sana mkuu.

Sasa kulala. Kwenye 14W soketi ina terminali tano. Namba 1 ni ethi. Namba 4 inapata umeme muda wote switi ya gari (ile ya ufunguo) ikiwa imewashwa. Namba 5 ni spidi ya kwanza, namba 3 spidi ya pili. Namba 2 ndiyo ya kulala. Ndani ya kichwa cha mota kuna swichi ndogo inayosukumwa na gia: waipa zikiwa popote njiani, inaunganisha 4 na 2, zikifika mahali pa kulala, inaachanisha hizo na kuunganisha 2 na ethi.

Unapozima waipa kwa mkono, swichi ya dashibodi inaunganisha namba 2 na namba 5. Kwa hiyo mota inaendelea kupata umeme kupitia ile swichi ndogo hadi ifike chini. Ikifika, kaboni zake mbili (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zinakutanishwa kupitia ethi, mota inageuka jenereta iliyofungwa pande zote mbili, na nguvu hiyo inaifunga breki papo hapo. Ndiyo sababu waipa nzuri hazitelezi kupita mahali pake.

Ukielewa hapo, dalili zinajisemea. Zikisimama palepale unapozima, njia ya 4 hadi 2 hadi 5 imekatika mahali. Zikikataa kusimama kabisa hata ukizima, swichi ndogo imeng'ang'ania 4 na 2. Zikifika chini, zikapitiliza, zikarudia mzunguko mwingine, breki haipo, yaani 2 haipati ethi.

Wewe una ya kwanza. Zima waipa zikiwa katikati, switi ya gari ikiwa imewashwa, pima volti kwenye namba 2. Ikiwa na volti 12, swichi ndogo ni nzima na kosa liko kwenye waya kuelekea swichi ya dashibodi. Isipokuwa na kitu wakati namba 4 ina umeme, swichi ndogo ndiyo ya kubadilisha. Waya wa namba 2 kwa kawaida ni wa kahawia wenye mstari wa kijani mpauko, lakini fuata namba, kwa sababu gari la umri huo limeshapita mikono mingi.

TuzamePamoja

Mimi nina maoni tofauti kidogo. Kwa nini ahangaike na waya za umri huo? Aweke relei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), swichi ya dashibodi ipumzike, mota ipate umeme mnono moja kwa moja kutoka betri. Nimefanya hivyo kwenye taa kubwa na mwanga ulipanda mara moja.

AmechaNaKaboni

Mkuu, kwenye taa kubwa nakubaliana nawe bila ubishi, zinakula umeme mwingi na swichi yake inaumia. Waipa ni jambo jingine. Ampea mbili hivi hazihitaji relei. Halafu kuna breki. Ukiunga relei bila kufuata ile njia ya 2 hadi 5, mota inakosa kuunganishwa na ethi inapozimwa, waipa zinaanza kupitiliza. Na kama relei ikichelewa kuachia wakati swichi ndogo imeshaipa namba 2 ethi, umeunganisha chanya na ethi uso kwa uso. Inawezekana kufanya vizuri, lakini ni kazi ya mtu aliyechora mchoro kwanza, kwa tatizo ambalo usafi wa viungio unalimaliza.

TuzamePamoja

Hilo la breki sikulifikiria kwa upande huo. Kwenye gari lenye swichi iliyochoka kabisa na isiyopatikana bado ningeweka relei, ila na mchoro.

AmechaNaKaboni

Kwa sharti hilo tuko pamoja.

KiooSafi

Namba 2 ina volti 12.3 nikiwa nimezima katikati. Swichi ndogo nzima. Nimeufuata waya hadi nyuma ya dashibodi, kwenye kiungio chenye umbo la risasi ya bunduki terminali imerudi nyuma na haigusi mwenzake. Nimeitoa, nimeibana, nimeirudisha. Zinalala! Na zinafunga breki kama ulivyoeleza, tap, zimetulia.

Swali kwa ajili ya baadaye: nifungue mota niangalie kaboni, au niiache?

AmechaNaKaboni

Kwa namba ulizotoa, iache. Siku utakapoifungua, mambo mawili uyashike. Kwenye gamba la mota kuna alama ya mshale inayotakiwa kuangaliana na alama ya kichwa. Ndani kuna sumaku za kudumu, ukilirudisha gamba limegeuka nusu duara, mota itazunguka kinyume na waipa zitatafuta kulala mahali pasipo pake. Na komuteta, ile duara ya vipande vya shaba ambayo kaboni zinaisugua, isafishe kwa msasa wa kioo ulio laini. Msasa mweusi wa chuma unaacha chembe zinazopitisha umeme kati ya vipande vya shaba. Kaboni kuu zikibaki chini ya milimita 4.8, badilisha zote. Ile ya tatu ya spidi ya pili ina ncha nyembamba, ikilika hadi sehemu pana, muda wake umekwisha.

BintiSpana

Bado mpira unaoruka. Huo mara nyingi si mpira wenyewe, ni mkono uliopinda kwa kujisokota. Simamisha waipa katikati ya safari yake, toa mpira, tazama mkono kutoka mwisho wake. Ule ubapa wa ncha unatakiwa ulale sambamba na kioo, ili mpira usimame wima kabisa. Ukiwa umeinama, mpira unafuta vizuri ukienda, na ukirudi unajikunja na kuruka, hasa kama ulivyoeleza. Shika mkono kwa spana mbili zinazobadilika, moja karibu na shina na nyingine karibu na ncha, sokota kidogo sana, jaribu, rudia. Usiupinde ukiwa kwenye shafti, utaiumiza shafti uliyoifungua kwa taabu.

Safisha kioo pia. Nta za kung'arishia gari zenye silikoni zinaacha utando ambao mpira mpya hauwezi. Futa kwa spiriti, kioo na makali ya mpira.

Na wengine mnaosoma wenye vioo bapa kama Land Rover za Series: mpira uliotengenezwa kwa kioo kilichopinda unajikunja uende na kioo, kwenye kioo bapa unabonyeza ncha na kuacha katikati. Tafuta wenye mgongo ulionyooka.

KiooSafi

Mkono wa dereva umejisokota kweli, unaonekana kwa macho ukishajua pa kutazama. Nimeunyoosha na nimefuta kioo kwa spiriti. Niurudishe kwenye shafti sasa kwa kufuata ule mkanda wa karatasi?

AmechaNaKaboni

Ngoja kidogo. Mkanda ulionyesha mahali zilipokuwa ukizima kwa kubahatisha, na gia moja umeshaigeuza. Washa waipa bila mikono, zima kwa swichi ya dashibodi, ziache zijilalishe zenyewe. Shafti zikishasimama ndipo uchomeke mikono, mpira ukiwa juu kidogo ya fremu ya kioo. Lowesha kioo, jaribu spidi ya kwanza, kisha ya pili, maana spidi ya pili mikono inatupwa mbali zaidi. Ikigonga fremu, sogeza jino moja.